Kupima saratani ya mlango wa kizazi ni bure. Safari ya pili ndiyo inayotushinda kulipia

#1 (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Panapotangazwa upimaji wa bure wa saratani ya mlango wa kizazi, iwe kwenye maonesho ya Sabasaba, Nanenane au katika viwanja vya hospitali ya wilaya, taarifa inayosomwa jioni huwa ni idadi ya wanawake waliopimwa, na idadi hiyo haikosi kupigiwa makofi. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika chumba cha uzazi wa mpango ambamo ndimo upimaji huu ulimokuwa ukifanyika. Naomba tujadili idadi nyingine ambayo aghalabu haisomwi: kati ya waliokutwa na mabadiliko, wangapi walitibiwa siku ileile, na wangapi waliandikiwa rufaa wakaondoka nayo mkobani?

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, nieleze kwa ufupi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika na saratani hii duniani na takribani 350,000 walifariki, na asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu Tanzania makadirio ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Chanzo chake kinajulikana, nacho ni virusi vya HPV vinavyoenezwa kwa kujamiiana, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo kwa pamoja husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hizo. Tangu virusi vijikite mpaka saratani kamili itokee, kwa mwanamke mwenye kinga imara, hupita miaka 15 hadi 20. Ni saratani chache sana zinazotupa muda mrefu kiasi hicho wa kuziwahi, na ndiyo maana kila kifo chake kinaniudhi zaidi ya kunihuzunisha.

Nchi tajiri zilipunguza vifo hivi kwa kipimo cha Pap, ambacho chembe huchukuliwa kwenye mlango wa kizazi, zikapakwa kwenye kioo na kusomwa kwa darubini na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kipimo si kibaya, lakini kinadai maabara, wasomaji waliobobea, posta inayofanya kazi, na mwanamke anayeweza kurudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu na kurudi tena kwa uchunguzi zaidi. Mahali ambapo wataalamu wa patholojia wanahesabika kwa vidole, kuiga mfumo huo ni kuandika mpango wa kuwekwa kabatini.

Badala yake tukapata kipimo ambacho wauguzi wote wanakiita VIA. Mama anapanda kitandani, muuguzi anaweka spekulamu (kifaa cha kupanulia uke), anamulika kwa taa, kisha anapaka kwenye mlango wa kizazi pamba iliyochovywa katika asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu inayokaribiana na ya siki ya dukani. Anasubiri dakika moja nzima, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa haraka ya foleni. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi, tofauti na weupe hafifu unaofifia upesi. Hakuna maabara wala kusubiri majibu. Mama anaweza hata kuoneshwa picha kwenye simu akaona mwenyewe kinachozungumziwa.

Je, kipimo hiki huokoa maisha? Ushahidi mzito umetoka India. Huko Dindigul, katika jimbo la Tamil Nadu, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha vifo kupungua kwa asilimia 35 baada ya kupima mara moja kwa VIA na kutibu. Huko Mumbai, hospitali ya Tata Memorial iliwafundisha kwa wiki chache wanawake wa mitaa ya mabanda ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi, wakawapima wenzao kila baada ya miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha vifo vimepungua kwa asilimia 31. Lakini huko Osmanabad, jimbo la Maharashtra, wanawake 131,746 wa vijijini waligawanywa katika makundi, na kundi la VIA halikuonesha upungufu wa vifo wa kutegemewa, ilhali kundi lililopimwa DNA (vinasaba) ya virusi vya HPV mara moja tu lilipunguza vifo kwa karibu nusu. (Niseme pia kwamba tafiti hizi zilizua ubishi mkali wa kimaadili, kwa kuwa wanawake wa makundi ya kulinganishia walifuatiliwa bila kupimwa. Tunaonufaika na takwimu hizo tusilisahau hilo.)

Mimi nauona mvutano wa matokeo hayo hivi: VIA ni nzuri kama alivyo mzuri anayeiangalia, na husinyaa pale usimamizi unapolegea. Na kipimo kiwe cha siki au cha DNA, peke yake hakimponyi mtu. Anayeponya ni yule anayeondoa chembe zilizobadilika kabla hazijawa saratani.

Hapa ndipo penye gharama. Katika kituo nilichofanyia kazi tulikuwa na mashine ya tiba mgando, ile inayogandisha sehemu yenye mabadiliko kwa gesi ya kaboni dioksaidi. Mashine ilikuwa nzima. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu kwa miezi, na wa kujaza ulitakiwa ufuatwe mkoani kwa gari ambalo nalo lilikuwa na kazi nyingine. Tuliendelea kupima kwa sababu siki na pamba vilikuwapo na taarifa ya mwezi ilidai idadi. Mama akikutwa na weupe tulimwandikia rufaa ya hospitali ya mkoa. Fikirieni mama mwenye mtoto mgongoni na hana maumivu yoyote, anaambiwa atafute nauli ya basi, chakula cha njiani na mtu wa kumwachia nyumba, aende kutibiwa kitu asichokisikia mwilini. Wengi hawakwenda. Upimaji ulikuwa bure, lakini nauli haikuwa bure, na siku ya kibarua iliyopotea haikurudishwa na mtu.

Siku hizi kuna kifaa kidogo cha joto, kinachoshikwa kwa mkono na kutumia betri, ambacho ncha yake hufika nyuzi joto 100 na kuunguza sehemu husika kwa nusu dakika hivi, mara moja au zaidi kulingana na ukubwa wake. Hakihitaji gesi na hubebeka kwenye begi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Kama ningeulizwa fedha ya wilaya ianzie wapi, ningesema ianzie hapo kabla ya fulana na mahema ya kampeni.

Zambia walilielewa hili mapema. Mwaka 2006, wakiongozwa na Dkt. Groesbeck Parham na Dkt. Mulindi Mwanahamuntu, walianza Lusaka kwa kuweka upimaji ndani ya kliniki za kawaida, jirani na huduma za VVU, chini ya wauguzi. Walipiga picha mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida ili muuguzi mwenye shaka amwoneshe daktari aliye mbali, na mwenye mabadiliko yanayotibika hapo akatibiwa hapohapo.

Karibuni tujadiliane, hasa kuhusu mabinti, kwa sababu nimeona mitandaoni wito wa kutaka kila msichana wa chuo apimwe.

#2

Ahsante sana dada kwa uzi huu. Mimi ni mmoja wa hao mabinti wa chuo. Nina miaka 22. Mwaka huu walikuja watu chuoni kwetu na kututaka wote tupimwe, na rafiki yangu aliambiwa ana tatizo, akalia wiki nzima. Nilikuwa nimejipanga kwenda wiki ijayo. Je, niende au nisiende? Na kama nisipopimwa sasa, nijilinde kwa nini?

#3 (mleta uzi)

Mdogo wangu, nashukuru kwa kuuliza, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa kuwa nadhani wengi mna swali hilo.

Virusi vya HPV ni vya kawaida mno kwa watu wanaoanza maisha ya kujamiiana; watu wengi hupata kimojawapo wakati fulani. Kwa walio wengi, kinga ya mwili huviondoa yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua. Kwa hiyo ukimpima msichana wa miaka 20, una uwezekano mkubwa wa kukuta virusi au mabadiliko madogo ambayo yangejiondokea, na uwezekano mdogo sana wa kukuta kitu kinachoelekea kuwa saratani. Kumtibu asiyehitaji si jambo la bure: baadhi ya tiba, hasa ile ya kukata kipande cha mlango wa kizazi kwa waya wa umeme, huongeza kiasi uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huko mbele. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri upimaji uanze miaka 30 kwa wanawake wote, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU.

Hata Uingereza walilipitia hili. England waliacha kuwaita wanawake wa chini ya miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2009 alipofariki Jade Goody, mtu maarufu wa televisheni, akiwa na miaka 27, umma ulidai umri ushushwe. Kamati ya wataalamu ililipitia suala hilo na kuubakiza umri ulivyokuwa.

Sasa wewe. Kama huishi na VVU na huna dalili, si lazima ukimbilie upimaji wa kampeni wiki ijayo. Kama unaishi na VVU mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu hatari yako ni takribani mara 6 ya mwanamke asiye na VVU na ugonjwa huenda kwa kasi zaidi. Zungumza na wahudumu wako wa CTC, yaani kliniki ya VVU, wakupangie ratiba. Na kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au una uchafu wenye harufu usioisha, hiyo haiitwi tena upimaji wa kujikinga. Hiyo ni dalili inayotakiwa ichunguzwe na daktari, uwe na umri wowote, na asikwambie mtu kwamba wewe ni mdogo mno.

Kinga ya umri wenu ilikuwa chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, baada ya majaribio ya mkoani Kilimanjaro, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Angalia kadi yako au muulize mama. Huenda ulichanjwa shuleni. Rafiki yako mwambie arudi akiwa na karatasi ya majibu, aulize aliambiwa nini hasa, kwani "una tatizo" si majibu ya kitabibu.

#4

Wakuu, mimi ni mwanaume na nimesoma mpaka mwisho. Nina mambo mawili. La kwanza, mke wangu alipimwa mwaka juzi, akaambiwa atibiwe palepale, akakataa, akarudi nyumbani kuniuliza. Nilipokubali, alishaingiwa na woga na hakurudi tena. Sikuelewa kwa nini alihitaji ruhusa yangu kwa jambo la nusu dakika. La pili, hiyo dozi moja ya chanjo inanitia shaka. Mwanzoni tuliambiwa mbili, sasa moja. Je, si kwamba wameishiwa fedha? Na mtaani kwetu bado wanasema inafunga kizazi.

#5

Nichangie upande wa maabara, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Mleta uzi amesifu kipimo cha DNA cha HPV, na ni kweli kinashinda jicho la mtu. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi ndogo faraghani, bila spekulamu na bila mtu kumwangalia, na kwa vipimo vinavyonakili DNA kwa wingi ili ionekane, majibu yake hutegemewa karibu sawa na sampuli iliyochukuliwa na mhudumu. Asiye na virusi anaweza kukaa miaka 5 au zaidi bila kurudia.

Ila tusijidanganye kuhusu foleni. Mashine iliyozoeleka ya kupima DNA, GeneXpert, ina vyumba vinne vya kupimia, na kila kipimo cha HPV huchukua takribani saa moja. Piga hesabu ya saa 8 za kazi: ni sampuli zisizozidi 32, na hapo umeme haujakatika. Mashine hiyohiyo inasubiriwa na makohozi ya kifua kikuu na damu za kupima wingi wa VVU. Katriji moja, yaani kikasha kinachowekewa sampuli, bei yake ni mara nyingi ya pamba na siki. Zikiletwa sampuli 200 za kampeni kwa mkupuo, majibu yatatoka baada ya siku kadhaa, na tumerudi kwenye ile safari ya pili anayoilalamikia mleta uzi.

#6 (mleta uzi)

Nianze na kaka wa namba 4, na nikupongeze kwa kuuliza hadharani.

Tiba ni ya nusu dakika, lakini masharti yake ni ya wiki kadhaa. Baada ya kugandishwa au kuunguzwa, mama hutokwa na majimaji mengi kwa muda, na hushauriwa asijamiiane kwa takribani wiki 4, au kama haiwezekani, itumike kondomu. Sasa mweke mke wako pale kitandani: anaambiwa akubali jambo ambalo usiku ule atalazimika kulieleza kwa mwenziwe, na halijawahi kuzungumzwa. Nimewasikia akina mama wengi wakisema, "Ngoja nikaongee na baba watoto kwanza." Hawaombi ruhusa ya kutibiwa, wanahofia kuulizwa kwa nini wanakataa tendo la ndoa, au kutuhumiwa kwamba wameleta ugonjwa kutoka nje. Virusi hivi hukaa mwilini kwa miaka bila dalili, kwa hiyo majibu ya leo hayasemi nani alivileta wala lini. Tulipoanza kuwaeleza wanawake masharti hayo siku ya kuandikishwa, kabla ya siku ya kupimwa, wengi walikuja wakiwa wameshazungumza nyumbani, na wapo waliosindikizwa na waume zao. Mwambie mkeo arudi. Kwa kuwa muda umepita, atapimwa upya kwanza.

Kuhusu dozi moja, hoja ya fedha ni halali kuiuliza, ila jibu limetoka kwenye tafiti zilizofanyika hapahapa kwetu Afrika Mashariki. Nchini Kenya, utafiti wa KEN SHE uliwahusisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imewakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18. Mwanza kulifanyika utafiti wa DoRIS kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu kwa kupima kinga katika damu. Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Kuhusu kufunga kizazi, chanjo imetengenezwa kwa protini ya ganda la nje la kirusi, bila vinasaba vyake, hivyo haiwezi hata kumwambukiza mtu HPV. Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011. Waliochanjwa wakati ule sasa ni wanawake wazima.

Ndugu wa maabara, hesabu yako naikubali yote, na ndiyo inayonifanya nisipende kampeni za mkupuo. Sampuli 10 au 15 kila siku ya kazi, kutoka kliniki za jirani, mashine inazimudu na mama anaweza kupewa majibu kabla ya basi la jioni. Sampuli 200 za Jumamosi moja zinaizidi. Kwa vituo vilivyo mbali na mashine, nadhani bado VIA yenye kifaa cha joto mezani ni bora kuliko DNA yenye majibu ya mwezi ujao. Najua wapo watakaonipinga, maana mwongozo wa dunia unatanguliza DNA, na shabaha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2030 inataka asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha hali ya juu wafikapo miaka 35 na tena miaka 45. Lakini shabaha hiyohiyo ina sehemu ya tatu isiyonukuliwa sana, kwamba asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe.

#7

Mimi naishi wilayani, nina miaka 38 na sijawahi kupima. Kituo chetu kina VIA tu. Je, nisubiri hicho kipimo cha DNA kifike? Na mama yangu ana miaka 61, naye niende naye?

#8 (mleta uzi)

Usisubiri, dada yangu. Miaka 38 ndiyo hasa umri ambao kipimo hiki kinalenga. Nenda siku ambayo huna hedhi, na kabla hujapanda kitandani muulize muuguzi waziwazi: leo kifaa cha kutibu kipo na kinafanya kazi? Akisema hakipo, muulize kitakuwapo siku gani au kituo gani cha jirani kinacho, ukapimiwe huko mara moja badala ya kulipa nauli mara mbili. Ukikutwa salama, VIA inarudiwa baada ya miaka 3. Ukitibiwa, unarudi kuangaliwa baada ya mwaka mmoja. Sehemu ikiwa kubwa au ikishukiwa kuwa saratani, haitatibiwa kituoni, utapewa rufaa, na rufaa ya namna hiyo ifuate hata kwa kukopa nauli.

Mama yako hali yake ni nyingine. Baada ya kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuangaliwa huingia ndani, muuguzi hawezi kuiona vizuri, na VIA inaweza kumpa majibu ya kumtuliza yasiyo na msingi. Huyo mpeleke hospitali yenye kipimo cha DNA au cha Pap. Kama anatokwa damu yoyote, hata tone, wakati hedhi ilishakoma, usimpeleke kwenye upimaji wa kampeni. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake wiki hii.